Babu wa mume wangu na ndege ya mabomu

Assalamu alaikum jamaa,

Niko Jambiani, mume wangu Mwingereza. Mamake amekuja kututembelea na picha ya babake aliyekufa vitani 1943, yeye yungali tumboni. Kwao husimuliwa kwamba ndege ilitunguliwa Berlin. Nimepekua madaftari ya vikosi yaliyohifadhiwa Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza (fungu la AIR 27), mpaka macho yameniuma, simwoni. Mlio huko, nishikeni mkono.

Mama Watoto

---

Wa alaikum salaam mwanangu,

Kaburi liko wapi? Anzia hapo. Tovuti ya CWGC, wale watunzaji wa makaburi ya vita, ni bure. Itakupa tarehe na namba yake ya jeshi. Namba iandike vizuri, maana akina Smith ni wengi kuliko akina Juma wetu.

Shangazi wa Leicester

---

Nimemwona! Kazikwa kanisani kijijini kwao, Shropshire. Bi mkubwa anasema labda maiti ililetwa kutoka Ujerumani.

---

Hakuletwa, mwanangu. Vita vile, askari wa Uingereza aliyefia ng'ambo alizikwa hukohuko. Walioanguka Berlin wako Berlin. Wasiokuwa na kaburi linalojulikana wameandikwa ukutani Runnymede, kwenye kumbukumbu ya wanaanga huko Uingereza, zaidi ya majina 20,000. Hata vita vya kwanza, mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus wamelala pale kisiwani Chapwani, Unguja, tangu Septemba 1914, hakuna aliyewafuata. Huyu kazikwa kwao, basi alifia Uingereza.

Nadhani alikuwa bado mafunzoni. Usishangae: Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, ilipoteza watu 55,573, na kiasi cha 8,000 kati yao walikufa kwa ajali na mafunzo. Wanafunzi wengi walirushwa usiku kwa ndege za Wellington zilizokwisha choka vitani.

Ndiyo maana humwoni. AIR 27 ni ya vikosi vya vita. Vyuo vya mafunzo, walivyoviita OTU, vimo AIR 29. Kwanza tazama orodha ya waliopotea ya kituo cha Bomber Command kilichopo Lincoln, nayo bure mtandaoni, ujue alikuwa OTU namba ngapi. Khalafu waandikie makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, ya Hendon kuhusu kadi ya ajali, Fomu 1180. Ni karatasi moja tu, lakini ndiyo inayosema ndege ilikutwa na nini.

Mumeo akija Uingereza, Kew kusoma hakulipiwi. Aje na kitambulisho na karatasi ya anwani akatiwe kadi ya msomaji. Picha apige kwa simu. Na penseli! Mimi nilikwenda na kalamu ya wino, nikarudishwa kwenye makabati kama mtoto wa skuli.

Akifika pale ilipoanguka, asiokote kitu, hata msumari. Ipo sheria ya 1986, mabaki ya ndege za jeshi hayachimbwi bila kibali.

Bi mkubwa mwambie taratibu. Miaka yote hii kailea hiyo Berlin.

---

Shangazi, kwenye orodha ya Lincoln yumo. OTU, vilevile ulivyosema, na waliokufa naye ni wanne, wote tarehe moja. Mume wangu kasoma mara mbili, kafunga kompyuta, katoka nje.

Bi mkubwa hatujamwambia. Kashuka pwani na wajukuu.