Tumechanga milioni nne, tumepewa aplikesheni ambayo mkulima wa Umalila hawezi hata kuingia

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo huku Umalila, Mbeya Vijijini. Tangu juzi simu yangu haipumziki, kila mwanakikundi anauliza swali moja: hela yetu iko wapi?

Tulichanga milioni nne. Kuna waliouza viazi kwa bei ya hasara ili tu wakamilishe mchango. Na tulichotaka kilikuwa kidogo: mkulima aandike ana gunia ngapi, aina gani, yuko kijiji gani, mnunuzi wa Uyole au Dar aone, apige simu. Basi.

Fundi tulimpata Dar. Nilimwambia mapema, "Mwanangu, njoo ukae Ilembo siku mbili, nauli na gesti juu yetu, uone watu wanavyouza." Akanijibu, "Katibu usijali, mahitaji nimeshayaelewa." Hakuja. Hata karatasi yenye michoro ya kurasa, tuipitie kabla hajaanza kazi, hatukuiona. Tukamwamini, tukalipa karibu yote.

Aliyeijaribu kwanza ni mama mmoja mwenye Itel ndogo. Ikamwomba barua pepe. Ile aliyofunguliwa dukani siku ananunua simu, nywila yake haijui. Nikamfungulia nyingine. Ikaomba namba ya simu, ikatuma tarakimu za uthibitisho zinazokufa baada ya sekunde 60. Mnaoijua Umalila mnaujua mtandao wa mabondeni: meseji ilifika dakika ya tatu. Tukaomba upya, ikaja ile ya zamani. Mara ya nne akasema, "Katibu, acha tu, nina mahindi ya kupukuchua." Akaondoka. Mama huyo alichangia elfu hamsini.

Mimi nilipofanikiwa kuingia nikakuta kisanduku cha kilo, na bila kukijaza huendi mbele. Shambani nani anapima kilo? Watu wanauza kwa gunia. Najua lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, ni kosa kisheria, Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele kila mwaka, na sababu mojawapo ya kuitaka hii aplikesheni ni mkulima aache kunyonywa kwa kile kichuguu cha juu ya gunia. Kwa hiyo ilitakiwa imuulize gunia lake ni la debe ngapi, kisha yenyewe ikokotoe kilo, imwonyeshe anachoibiwa. Hilo ungelijua kwa kusimama nusu saa tu pembeni ya fuso linalopakia.

Orodha ya aina za viazi imejaa majina ya Kizungu ambayo hapa hayajawahi kupandwa. Kikondo haipo, Arka haipo, Sagitta haipo. Picha ni lazima, tena inapanda na ukubwa wake wote bila kupunguzwa, bando la siku linaishia hapo. Mtandao ukikatika katikati, ulichoandika chote kinafutika, wakati ingeweza kukitunza kwenye simu na kukituma mtandao ukirudi.

Sasa kinachoniuma zaidi. Google wana sharti: kwa akaunti binafsi za wasanidi (watengenezaji wa programu) zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 lazima programu ijaribiwe na watu wasiopungua 12 (mwanzo walikuwa 20) kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa Play Store. Siku 14! Sisi tuko zaidi ya thelathini, wote na simu zetu, na tungeijaribu bure. Yeye akakusanya marafiki zake wa Dar, watu wenye mtandao wa kasi ambao kiazi wanakijua kikiwa chipsi. Wakaifungua, wakasema iko safi.

Na akaunti yenyewe ni ya jina lake. Kuifungua ni dola 25, unalipa mara moja tu, na tungelipa sisi kwa jina la kikundi. Sasa aplikesheni yetu kule Play Store inaonekana ni mali yake, na bila yeye kukubali kuihamisha hatuigusi. Nilipomweleza kasoro zote hizi alijibu kwa mstari mmoja: "Hayo ni mambo mapya Katibu, yana bajeti yake." Mambo mapya! Gunia ni jambo jipya kwa mkulima?

Tunataka aihamishie kwenye akaunti ya kikundi na atukabidhi msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe. Mwenye uzoefu wa kumbana mtu wa namna hii kisheria, bila mkataba zaidi ya ukurasa mmoja ulioandikwa "aplikesheni ya Android", naomba aniambie pa kuanzia.

Na kama kuna kijana wa Mbeya anayeweza kuirekebisha, anitafute. Ila kabla hajafungua kompyuta aje Mbalizi tupande gari la Ilembo. Nauli natoa mimi.