Je, tulimwonea Unai Emery?

Winga wa Benchi (mwanzisha mada)

Ndugu zangu mashabiki wa Arsenal, lipo jambo linalonisumbua tangu tarehe 14 Aprili 2024, siku Aston Villa ya Unai Emery walipokuja uwanjani kwetu Emirates wakatufunga mabao mawili katika dakika za lala salama, kwanza Leon Bailey, kisha Ollie Watkins, na mbio zetu za ubingwa zikaanza kuchechemea palepale. Msimu ulipofungwa tulikuwa na pointi 89 na Manchester City walikuwa na 91. Kumbukeni pia kwamba mwezi Desemba Villa walikuwa wametufunga bao 1-0 nyumbani kwao, maana yake pointi zote sita zilichukuliwa na kocha tuliyemtimua sisi wenyewe.

Mimi ni miongoni mwa waliofurahi Unai Emery alipofukuzwa tarehe 29 Novemba 2019, na sitajifanya leo kwamba nilikuwa na busara ambayo sikuwa nayo. Lakini nikitazama yaliyofuata, ile furaha inanisuta. Alikwenda Villarreal, akatutoa katika nusu fainali ya Ligi ya Europa ya mwaka 2021 kwa jumla ya mabao 2-1, akaenda kwenye fainali jijini Gdańsk akawafunga Manchester United kwa penalti 11-10 na kulibeba kombe. Mwaka uliofuata aliwatoa Juventus na Bayern Munich na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kisha akaichukua Villa iliyokuwa ikihangaika chini ya msimamo mwishoni mwa mwaka 2022, akaimaliza nafasi ya saba msimu huohuo na nafasi ya nne msimu uliofuata.

Swali langu ni hili: kilichoshindikana kwetu kilikuwa ni kocha, au ilikuwa ni klabu? Nawaomba msinijibu kwa kuniambia kwamba mpira ndivyo ulivyo. Nionyesheni mechi, usajili na maamuzi.

Beki Mbishi

Mkuu, mimi sikubali kwamba tulimwonea, na kwa kuwa umeomba mechi nakupa moja tu: Watford, tarehe 15 Septemba 2019, ugenini Vicarage Road. Watford walikuwa wanaburuza mkia, hawajashinda hata mchezo mmoja wa ligi. Tukaenda mapumziko tukiongoza 2-0, mabao yote ya Aubameyang. Timu yoyote yenye akili timamu ingeingia kipindi cha pili kuumaliza mchezo, lakini sisi tuliingia kama watu waliosikia kwamba nyumba yao inaungua.

Msimu ule ndio sheria ya golikiki ilikuwa imebadilika, ikiruhusu beki kuupokea mpira ndani ya eneo lake la hatari, na Emery aliamua kwamba lazima tuanzie nyuma kila mara, hata wapinzani walipokuwa wamejipanga kutusubiri pale pale. Sokratis, beki aliyezaliwa kukaba na kupiga vichwa, akapewa kazi ya kuchonga pasi mbele ya lango lake mwenyewe. Pasi ikanaswa, Cleverley akafunga. Unadhani baada ya hapo tulibadilika? Tuliendelea vilevile, golikiki baada ya golikiki, hadi David Luiz akasababisha penalti na Pereyra akasawazisha. Watford walipiga mashuti 31. Timu ya mkiani ilipiga mashuti 31 dhidi ya Arsenal, na baada ya mchezo Granit Xhaka mwenyewe alikiri kwamba tulicheza kwa woga.

Hilo halikuwa kosa la mwenye klabu wala la mkurugenzi yeyote. Kocha aliona kwa macho yake kitu hakifanyi kazi, wiki hadi wiki, na hakukiacha. Wiki zake za mwisho tulicheza mechi saba mfululizo za mashindano yote bila ushindi, jambo ambalo halijapata kutokea klabuni tangu mwaka 1992. Siku tulipofungwa na Eintracht Frankfurt nyumbani, viti vilivyokuwa wazi vilisema yote ambayo mashabiki walitaka kusema. Kwamba leo ni kocha bora, nakubali bila kinyongo. Lakini kocha huyu wa leo siye yule aliyekuwa kwetu.

Mzee wa Highbury

Mwanangu Beki Mbishi, uliyoyasema kuhusu Watford ni ya kweli, ila umeanza kuisoma hadithi kutoka ukurasa wa mwisho.

Emery aliipokea timu Mei 2018 kutoka kwa Arsène Wenger, aliyekaa miaka 22. Msimu wa mwisho wa Wenger tulimaliza wa sita kwa pointi 63 na kuruhusu mabao 51. Msimu wa kwanza wa Emery tulimaliza wa tano kwa pointi 70, tukaruhusu mabao 51 yaleyale. Alifungwa mechi zake mbili za mwanzo na City na Chelsea, kisha akaenda mechi 22 bila kupoteza, ikiwemo ile tuliyowachapa Tottenham 4-2, mpaka Southampton walipotusimamisha katikati ya Desemba. Mwezi huohuo wa Desemba Rob Holding aliumia goti, na Januari akafuatia Héctor Bellerín, na wote wawili msimu wao ukaishia hapo. Nani aliyenunuliwa Januari ile kuziba mapengo hayo nyuma? Hakununuliwa beki hata mmoja. Aliyekuja ni Denis Suárez, kiungo wa mkopo, ambaye hata mimi mwenye kumbukumbu ndefu siikumbuki pasi yake hata moja.

Pamoja na hayo, zikiwa zimebaki mechi tano tulikuwa na pointi 66 na nne bora ilikuwa mikononi mwetu. Hapo ndipo ninapokubaliana nawe kwamba kocha alikosea, na kosa lenyewe nalikumbuka kwa tarehe: 21 Aprili 2019, Crystal Palace nyumbani. Siku tatu kabla tulikuwa Napoli, ambako Aaron Ramsey aliumia na hakuichezea tena Arsenal. Emery akabadilisha kikosi, akawaanzisha Jenkinson, Mavropanos na Elneny, akiamini kwamba wangetosha. Bao la pili la Palace nikilifumba macho ninaliona: mpira mrefu unadunda kuelekea lango letu, Mustafi anaukinga kwa mwili akisubiri kipa atoke, kipa hatoki, na Wilfried Zaha anapita nyuma yake kama mtu anayeokota kofia yake. Tukafungwa 3-2. Kisha Wolves 3-1, Leicester 3-0, sare na Brighton. Mwisho wa hesabu Tottenham walituzidi kwa pointi moja tu, maana yake ushindi badala ya sare kwa Brighton ungetosha kutuingiza Ligi ya Mabingwa. Tulikuwa na njia ya pili, fainali ya Europa jijini Baku, nayo Chelsea wakatufunga 4-1.

Sasa angalia klabu ilivyokuwa wakati huo. Ivan Gazidis, mtendaji mkuu aliyemwajiri, aliondoka kwenda AC Milan hata kabla msimu wa kwanza haujafika katikati. Sven Mislintat, aliyekuwa mkuu wa usajili, aliondoka mapema 2019. Edu alianza kazi ya ukurugenzi wa ufundi Julai 2019, miezi michache tu kabla kocha hajafukuzwa. Ramsey alikuwa amewekewa mkataba mpya mezani, ukaondolewa, akaenda zake Juventus bure. Kisha lile jambo la winga: Emery alikuja kusema hadharani kwamba alimtaka Zaha, yuleyule aliyemfunga Aprili, klabu ikaamua kumnunua Nicolas Pépé kutoka Lille kwa pauni milioni 72. Pépé alikuwa kijana mwenye kipaji, simsemi vibaya, lakini alihitaji muda, na kocha mwenyewe hakuwa na muda. Fundi ukimnyima kuchagua mbao, usimlaumu yeye peke yake kiti kikiyumba.

Linganisha na Villa. Kule alipewa mamlaka mapana, na mwaka 2023 akaletewa Monchi, mtaalamu wa usajili aliyefanya naye kazi Sevilla walipokuwa wakilibeba kombe la Europa mara tatu mfululizo, 2014 hadi 2016. Ule mtego wa kuotea anaoutumia Villa, safu ya ulinzi ikisimama juu karibu na mstari wa katikati, unahitaji mabeki waliochaguliwa kwa kazi hiyo na mazoezi ya miezi mingi. Angeujenga na nani kwetu, Mustafi?

Kiungo Mkabaji

Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu usajili, ila naona nyote mmelipita jambo ambalo kwangu ndilo lililomwangusha, nalo ni uongozi wake ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, hasa suala la unahodha.

Julai 2019 Laurent Koscielny, nahodha wetu, aligoma kusafiri na timu kwenda Marekani kwa maandalizi ya msimu, akaishia kuuzwa Bordeaux. Kocha alihitaji kumteua nahodha mpya siku ileile. Badala yake alisema watakuwa manahodha watano, jina la wa kwanza likacheleweshwa hadi mwishoni mwa Septemba, na hata lilipotoka lilitokana na kura za wachezaji: Xhaka. Kura si kitu kibaya, lakini kila mtu alijua kwamba uwanja mzima haukuwa na imani naye, na kocha alimkabidhi kitambaa kana kwamba halijui hilo.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Oktoba, tulicheza na Palace nyumbani. Tulipata mabao mawili ndani ya dakika kumi, yakarudishwa yote. Xhaka akatolewa dakika ya 61, akawa anatembea polepole, uwanja ukamzomea, naye akaweka mkono sikioni, akavua jezi na kupitiliza moja kwa moja vyumbani. Ilipita zaidi ya wiki moja ndipo Emery alipomvua unahodha na kumpa Aubameyang, na katika siku zote hizo mtu hakuweza kuelewa kocha yuko upande wa nani. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa Mesut Özil, mchezaji aliyekuwa akilipwa kuliko wote: leo yumo, kesho hayumo hata kwenye orodha ya akiba, wiki inayofuata anaanza.

Kuhusu lugha, hapo ndipo ninapoona aibu yetu. Alikataa kutumia mkalimani tangu siku ya kwanza, na watu wakageuza matamshi yake ya salamu za jioni kuwa kichekesho cha kila mkutano na waandishi wa habari. Mtu anayejitahidi kusema lugha isiyo yake hastahili kuchekwa, na wengi wetu tunaijua hali hiyo. Hata hivyo siwezi kukana kwamba lugha ilikuwa tatizo la kazi. Huyu ni kocha wa maelezo mengi na video ndefu. Joaquín, aliyechezea Valencia chini yake, aliwahi kutania kwamba video zilikuwa nyingi mpaka bisi zikamwishia. Maelezo marefu kiasi hicho yakipitia kwenye lugha ambayo msemaji bado anaitafuta, mchezaji anabaki na nusu ya ujumbe, na nusu ya ujumbe ndiyo hiyo Beki Mbishi aliyoiona Watford.

Winga wa Benchi (mwanzisha mada)

Nimesoma majibu yote mara mbili. Mzee, ile ya Brighton nilikuwa nimeisahau kabisa. Miaka yote nilikuwa nikiilaumu Baku.

Lililobaki kunikera ni subira tuliyoipata ghafla baada yake. Emery aliondolewa tukiwa nafasi ya nane, pointi 18 katika mechi 13. Mikel Arteta akaja, tukamaliza wa nane, tukachukua Kombe la FA mwaka 2020, kisha tukamaliza wa nane tena, na Desemba ya mwaka huo tulikuwa nafasi ya 15. Tukaambiwa tuvumilie, tukavumilia, na sijuti. Lakini uvumilivu ule ungekuwepo mwaka mmoja kabla, labda tungekuwa tunajadili mambo mengine leo. Au labda tungezama zaidi, maana naona Beki Mbishi tayari anaandika.

Beki Mbishi

Nilikuwa naandika kweli. Arteta alivumiliwa kwa sababu hata tulipofungwa mtu aliweza kuona anataka kujenga nini. Kwa Emery, kila wiki ulikuwa mfumo mpya: leo mabeki watatu, kesho wanne, keshokutwa viungo wa kati wamepangwa umbo la almasi, na kikosi kinabadilika kumfuata mpinzani hata kama mpinzani mwenyewe ni wa kawaida. Haya ya unahodha aliyoyaeleza Kiungo Mkabaji yanaingia humohumo. Ila kwa Mzee nitakubali jambo moja, kwamba Zaha angetufaa msimu ule kuliko Pépé.

Mzee wa Highbury

Umekubali moja, mwanangu, si haba. Nami nakukubalia la golikiki.

Kisha kuna kitu kidogo kuhusu mechi ile ya Palace ambacho watu hawakitaji. Xhaka alipokuwa anatoka huku akizomewa, aliyesimama pembeni akisubiri kuingia badala yake alikuwa kijana wa miaka 18, Bukayo Saka. Emery ndiye aliyempa mchezo wake wa kwanza wa timu ya wakubwa mwaka mmoja kabla, dhidi ya Vorskla Poltava. Siku ile uwanja wote ulikuwa unamtazama anayetoka.