Fungu moja la pensheni, wazimamoto wa aina mbili: tugawe vipi?

Mkaazi_Ruaraka
Habari zenu wakuu. Kuna pendekezo linaandikwa lipelekwe kaunti. Tuseme kituo kina wazimamoto 30 wa mshahara, na mitaani wapo 20 wa kujitolea. Hao 20 ndio wanaotangulia na ndoo na mchanga, maana gari la zimamoto halipiti vichochoro vya mtaa wa Mukuru hapa Nairobi. Kuna wanaotaka fungu la uzeeni ligawanywe kwa vichwa, 30 kwa 20. Nasikia Minnesota kule Marekani wana utaratibu wao. Wanafanyaje, na kwetu kitakwama wapi?

Mizania
Kwa vichwa hapana, ndugu yangu. Makundi haya hayadai kitu kimoja.

Minnesota pesa hutoka kwenye kodi ya 2% inayokatwa kwenye ada za bima ya moto. Jimbo huigawia miji nusu kwa idadi ya watu, nusu kwa thamani ya mali. Wa mshahara wako kwenye mfuko wa jimbo wa polisi na zimamoto, ambako mji huchangia asilimia ya mishahara yao. Wa kujitolea wana chama chao chenye akaunti yake. Mji wenye wote wawili huandikiana mkataba na chama: kiasi gani kibaki chamani, kiasi gani kisaidie mchango wa mwajiri. Akaunti hazichanganywi, na hilo ndilo ningelipigania kuliko asilimia zenyewe.

Deni la mwenye mshahara hufuata mshahara. La wa kujitolea hufuata miaka: kiwango cha mwaka mmoja mara miaka aliyotumikia. Kwa ngazi iliyozoeleka kule, mtu hupata chote akitimiza miaka 20. Akitoka na miaka 10 kwenye chama kinachoruhusu, hupewa 60%, na kila mwaka wa ziada huongeza 4%.

Mtego uko kwenye kupandisha kiwango. Watu 20 wenye jumla ya miaka 120, kwa shilingi 10,000 kwa mwaka, wanadai 1,200,000. Kamati ikipandisha hadi 12,000, miaka yote 120 inapanda pamoja: deni jipya la 240,000 kwa kikao kimoja, na benki hakuna kilichoongezeka. Andikeni kwamba kiwango kipya kinahesabu miaka inayokuja tu, au kisipande kabla pesa hazijawekwa.

Daftari_la_Zamu
Mizania amenena, ila "mwaka" ni nini? Mtu akija mara mbili tangu Januari, ametumikia mwaka? New York, kwenye mpango wao wa tuzo za utumishi, wa kujitolea lazima afikishe pointi 50 ndani ya mwaka: miito, mazoezi, mikutano, zamu. Chini ya hapo mwaka hauhesabiwi.

Daftari liwe na safu za tarehe, saa ya mwito, saa ya kufika, kazi aliyofanya, sahihi yake na ya kiongozi wa zamu. Lijazwe papo hapo, hata karatasi ikilowa. Orodha inayoandikwa mwisho wa mwezi kwa kukumbuka ndiyo inayoleta ugomvi baada ya miaka 15, na waliokuwepo wameshahama. Kila mwezi bandikeni jumla ukutani siku 14, pingamizi zisikike, kisha ukurasa ufungwe.

Wakili_wa_Mtaa
Kwa sheria zetu za Kenya: NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hukata 6% ya mshahara na mwajiri huongeza 6%. Asiye na mshahara hana cha kukatwa, lakini anaweza kujiunga kwa hiari, au kufunguliwa akaunti ya pensheni ya mtu binafsi kwenye mpango uliosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni, kaunti ikamwekea humo moja kwa moja. Msimpe pesa mkononi kila siku na kuziita posho. Kibarua wa kutwa akifanya kazi mwezi mfululizo, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaweza kumgeuza mwajiriwa wa mwezi, na kaunti itajitetea kwa kuwafukuza wote.

Na kabla ya senti moja ya pensheni, lipeni bima ya ajali. WIBA ya 2007, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, huilipa familia ya mfanyakazi aliyekufa kazini mapato yake ya miezi 96. Inamlinda mwenye mkataba wa kazi kwa ujira. Kijana wa kujitolea akiangukiwa na bati la moto, sheria hiyo haimwoni.

Mkaazi_Ruaraka
Asanteni sana. Basi bima inatangulia, akaunti mbili, na pointi. Fomu ya mrithi ijazwe lini?

Wakili_wa_Mtaa
Siku anayoandikishwa, kabla hajapewa kofia. Na arudie akioa, akipata mtoto au akifiwa na aliyemwandika.