Mbona sioni nikikua kiroho?

Mama wa Wawili
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina swali, ila naombeni msinihubirie tu. Nilipookoka nilikuwa moto kweli: mkesha sikosi, kufunga sikosi. Siku hizi naomba asubuhi watoto wakiwa bado wamelala, maneno machache, mara nyingine nasinzia katikati. Machozi hakuna, msisimko hakuna. Ukifika muda wa ushuhuda natazama chini nisije nikaitwa. Juzi wifi yangu kanipigia simu, kanisema weee, eti sijui kulea. Nikamwambia "nimekusikia wifi", nikaendelea kukunja nguo. Hata kujibu sikujibu. Nimepoa, au Mungu kaniacha?

Askari wa Msalaba
Dada, hiyo ni vita. Ingia kwenye maombi ya kufunga, kemea roho ya uvuguvugu!

Mshirika wa Benchi la Nyuma
Askari, kufunga ni kwema, lakini usimtwike dada pepo asiye naye. Dada, soma Marko 4:26-29. Yule mtu akishamwaga mbegu analala na kuamka, nayo inakua "asivyojua yeye". Haambiwi aifukue kila asubuhi aikague.

Halafu mwangalie Yohana Marko, aliyesafiri na Paulo na Barnaba kuhubiri. Kwenye Matendo 13 anawaacha wenzake Pamfilia anarudi Yerusalemu. Sura ya 15 Paulo anakataa katakata kwenda naye tena, mpaka anatengana na Barnaba kwa ajili yake. Kuja 2 Timotheo 4:11, Paulo huyohuyo anaagiza aletewe Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Hapo katikati kilitokea nini? Hakuna mkesha wala ushuhuda wake ulioandikwa. Wakolosai wanaambiwa tu wampokee akifika.

Nikuulize: ile simu ya wifi, enzi zile za moto ungeijibuje?

Mama wa Wawili
Hahaha! Ningemkatia simu, halafu mume wangu angesomewa kesi ya dada yake mpaka usiku wa manane. Na siku ya pili naenda mkesha.

Mshirika wa Benchi la Nyuma
Umejijibu. Uvumilivu na kiasi vimo kwenye Wagalatia 5:22-23. Msisimko sijauona pale.

Bibi Mwombaji
Mwanangu, na kuchoka nako kupo, tusikuite kukua wala kupoa. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Kukemewa hakukemewa. Watoto wakilala mchana, nawe lala.

Mama wa Wawili
Asante bibi. Na mkesha wa Ijumaa je, niende?

Bibi Mwombaji
Ukiwa umelala vizuri, nenda. Kama hujalala, baki, omba hayo maneno yako machache. Na wifi mpigie wewe safari hii, umsalimie.