Super 8 au HD kwa harusi? Naombeni ushauri wakuu

Kipepeo77: Wakuu, heshima kwenu. Nisaidieni jambo moja tu: mwonekano wa filamu ya Super 8, ule mkanda mwembamba wa milimita 8, na wa video ya HD ya kidijitali, upi mzuri kwa harusi? Kamera zote mbili ninazo, usingizi sipati. Matusi hapana.

Mzee wa Projekta: Hakuna jibu la mkato kijana. Fremu ya Super 8, yaani picha moja moja kwenye mkanda, ni kama milimita 5.8 kwa 4, hata ukucha wa kidole cha mwisho unaizidi. Ukiikuza ijae ukutani, chembechembe zinajitokeza, na kila fremu ina zake, ndiyo maana picha inakuwa kama inapumua. HD ina pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, 1920 kwa 1080 na hazihami. Ukuta mtupu unatulia kama umepigwa pasi. Marehemu baba alitupiga tukiwa wadogo. Sauti haimo, lakini mama akipunga mkono pale namsikia kabisa anavyoniita. Nilikuwa nasema nini vile?

Dada Fundi: Harusi ya nani? Mchana au usiku? Ndani au nje?

Kipepeo77: Ya ndugu tu. Mimi nimeuliza mwonekano.

Dada Fundi: Mwonekano ni mwanga, kaka. Jibu.

Kipepeo77: Haya. Ya dada yangu, usiku, ukumbini. Na nimeshamshauri aachane na mpiga video aliyekuwa amemkodi. Msinihukumu, nina katriji nne za filamu. HD inaanika hadi vitundu vya jasho puani, bibi harusi gani anataka hivyo? Filamu ina roho.

Nyundo: Yaani umemwondoa fundi wa watu kwanza, ushauri ndiyo unaomba sasa. Mnapenda sifa nyie.

Mzee wa Projekta: Katriji moja ni futi 50. Kwa fremu 24 kwa sekunde ni dakika mbili na nusu, kwa hiyo zote nne dakika 10. Ukishuka hadi fremu 18 utafika 13 na ushee.

Kicheko Tu: Dakika 10 MC bado anapima maiki 😂

Dada Fundi: Sikiliza. Filamu inavumilia mwanga ukizidi. Shela nyeupe juani, HD ikishaungua kwa mwanga unabaki na karatasi tupu, filamu bado inakuonyesha nyuzi za lesi. Gizani ni kinyume: vivuli vya filamu vinageuka tope, na HD walau utaipandisha mwanga kidogo. Katriji zako ni za namba gani?

Kipepeo77: 50D. Ila nimeshazijaribu dada. Jana jioni nilipiga kipande sebuleni, usiku nikamwonyesha bibi harusi, akalia kwa furaha. Rangi kama ndoto.

Nyundo: Ngoja. Jioni umepiga, usiku mmeangalia? Filamu kakusafishia nani, malaika?

Kicheko Tu: Chai hii wakuu. Tena ya moto.

Dada Fundi: Na 50D ni ya mwanga wa mchana, tena inataka mwanga mwingi. Sebuleni jioni, chini ya taa ya njano, ungetoa giza lenye rangi ya machungwa. Ndoto gani hiyo?

Mzee wa Projekta: Mwacheni. Enzi zetu filamu ilikwenda kwa posta, unasubiri wiki kadhaa, inarudi umeshasahau ulipiga nini.

Nyundo: Mzee, anatudanganya huyu. Hata harusi sidhani kama ipo.

Kipepeo77: Harusi ipo, Jumamosi. Sawa, nilipiga kwa HD. Nikaipachika chembechembe kwa programu, nikakata pembeni iwe ya mraba-mraba, nikaiyumbisha kidogo. Dada akauliza, "Ndiyo hiyo Super 8?" Nikasema ndiyo. Katriji sijafungua hata moja.

Dada Fundi: Basi alichokililia ni HD. Usiku piga hiyo hiyo. Katriji zimalize mchana, nje, akiwa anatoka na shela yake. Na umwambie.

Kipepeo77: Lakini za programu si sawa na za kweli. Mzee, thibitisha.

Mzee wa Projekta: Si sawa. Za kupachika zinakaa juu ya picha kama vumbi kwenye kioo. Za kweli ndizo zilizoijenga picha, ukiziondoa hubaki na kitu.

Kipepeo77: Sasa mzee umenirudisha nilikotoka.

Nyundo: Yule mpiga video umemrudia?

Kipepeo77: Hapokei simu.