Mrejesho: ushauri wa data kwa kujitegemea, Mbeya

Wakuu, niliuliza humu nianzie wapi kazi hii ya ushauri wa data. TIN (namba ya mlipakodi) na jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, tayari, hapo hakuna gumu. Kazi ya kwanza ni daftari la kahawa la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja huko Mbozi, na ugumu wote uko kwenye kusafisha data. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani inasoma tarehe 03/04 kama Machi 4, si Aprili 3. Namba za simu zikibandikwa kwenye Excel zinapoteza sifuri ya mwanzo: igeuze safu kuwa maandishi (Text) kabla ya kubandika, baadaye ni kazi bure. Uzito nao, gunia na kilo safu moja! Kwa hiyo kusafisha kunatozwa peke yake, nusu ikitangulia. Mteja akikata kodi ya zuio 5% kwenye malipo yenu, daini cheti cha makato hayo siku hiyohiyo.