Mjadala: Abiria akikataa kupita kwenye skana ya mwili, arudishwe nyumbani au apekuliwe kwa mkono?

Mleta mada:

Wakuu, kuna jambo linanikereketa tangu safari yangu ya mwezi uliopita. Kwenye foleni ya ukaguzi, mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo. Akaingia kwenye skana, akasimama juu ya zile nyayo zilizochorwa sakafuni, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Sekunde chache tu, akatoka. Kwenye skrini kikatokea kile kikatuni cha mtu asiye na uso, na alama ya njano kichwani. Ofisa hakusema neno. Akavuta glavu zake, akaingiza vidole kwenye nywele za yule mama, akazipekua mpaka kwenye ngozi, sisi wote tunatazama. Hakuna kilichopatikana, nywele zilikuwa nywele. Nikamsikia mama anauliza kwa sauti ndogo, "Hamkuweza kuniambia kwanza?" Akaambiwa asogee, watu wanasubiri.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sipingi kukaguliwa. Ule mlango wa zamani unanusa chuma tu. Desemba 25, 2009, Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit akiwa na kilipuzi cha PETN kimeshonwa ndani ya chupi. Mlango huo usingelia hata angepita mara kumi. Ninachodai ni abiria awe na haki ya kusema "mashine hapana, nipekueni kwa mkono, pembeni", na haki hiyo atangaziwe akiwa bado kwenye foleni, si mpaka aijue mwenyewe.

Wala siyo ndoto. Umoja wa Ulaya uliiandika kwenye kanuni zake za Novemba 2011: abiria anaweza kukataa skana akakaguliwa kwa njia nyingine, picha hazihifadhiwi, na skana za mwili zinazotumia eksirei hazikuruhusiwa. Uingereza wao walianza 2010 na msimamo wa hupiti, huruki. Mapema mwaka huo wanawake wawili Waislamu walizuiwa uwanja wa Manchester kupanda ndege ya kwenda Pakistan kwa sababu walikataa. Februari mwaka huo huo Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini liliwashauri waumini waombe kupekuliwa kwa mkono, kwa hoja ya staha. Ilipofika 2013, Waingereza nao wakalegeza.

Na kwa wale wanaosema kulalamika ni kudhoofisha usalama: mashine za mwanzo zilimwonyesha ofisa umbo la mtu kama alivyozaliwa. Marekani watu wakapiga kelele, shauri likafika mahakama ya rufaa Washington. Mwaka 2011 mahakama ikasema ukaguzi wenyewe hauvunji katiba, lakini mamlaka ya usalama wa usafiri ilipaswa kusikiliza maoni ya wananchi kwanza. Bunge nalo likaweka makataa, na 2013 mashine za eksirei ambazo programu yake haikubadilishwa zikaondolewa viwanjani. Leo kompyuta inatafuta kitu yenyewe, ofisa anaona kikatuni. Kwa hiyo ule utupu wetu ulikuwa unatazamwa bila ulazima. Tungelijua vipi kama wote wangenyamaza?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka pale panapouma. Mwenye kilipuzi naye atachagua. Mlango ukiwa na makomeo mawili na mwizi akaruhusiwa kuchagua afungue lipi, atachagua lipi? Mkono wa ofisa una aibu, kuna mahali haufiki. Ndiyo maana Desemba 2015 Marekani wakabadili utaratibu: kukataa bado kunaruhusiwa kwa wengi, lakini wapo watakaolazimishwa kupita.

Na suala la mionzi, kabla hajaja mtu kututisha: mashine zinazotumika sasa ni za mawimbi ya milimita (mawimbi ya redio mafupi sana), si eksirei. Hata zile za eksirei, kipimo chake kilikuwa sawa na dakika chache za kuwa angani. Ukiogopa hicho, usipande ndege yenyewe.

Mchangiaji wa pili:

Komeo lipi hilo? Mwaka 2015 ilivuja taarifa kwamba wakaguzi wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani walijifanya abiria na kujaribu kupitisha silaha na mabomu bandia. Walifanikiwa mara 67 kati ya 70, skana zikiwepo. Kaimu mkuu wa mamlaka ya usalama wa usafiri akahamishwa kazi.

Na huyo Abdulmutallab, baba yake mzazi alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja mwezi mmoja kabla, akasema mwanangu ananitia wasiwasi. Jina likaandikwa kwenye orodha, likalala huko. Amsterdam skana zilikuwepo, hakupitishwa. Sasa mnanivua mimi kwa uzembe wa karani?

Mchangiaji wa tatu:

Naandika kama mtu mwenye mfuko wa kukusanyia choo, umebandikwa tumboni, huu mwaka wa nne. Mleta mada anauzungumzia mkono kana kwamba ni kivuli cha mwembe.

Mimi skana inalia kila safari, alama ya njano tumboni, halafu napekuliwa kwa mkono juu yake. Kwangu hakuna kuchagua, napata vyote viwili. Na mkono ndio ninaouogopa. Mwaka 2010 Marekani kuna abiria aliyepona saratani ya kibofu, akiwa na mfuko wa mkojo. Alijaribu kuwaeleza maofisa, hawakumsikiliza, wakampapasa kwa nguvu mpaka mfuko ukaachia. Akapanda ndege nguo zimelowa. Hii habari naikumbuka kila ninapovua mkanda.

Ninachotaka mimi ni dakika moja ya kusikilizwa kabla sijaguswa. Niseme kilichopo, wapi, na kisibonyezwe. Chumba chenye mlango unaofunga. Niingie na ndugu yangu kama nipo naye.

Mleta mada:

Ndugu, hapo umenirekebisha, na nakubali. Hata yule mama wa nywele, sasa naona kilichomuumiza si skana. Ni kuguswa bila kuambiwa. Basi haki ya kwanza iwe kusikilizwa, ya kuchagua ifuate.

Kwa mkuu wa makomeo: anayekataa skana apekuliwe kikamilifu, na afutwe mikono na mizigo kwa kile kitambaa kinachopimwa kwenye mashine ya kutambua vilipuzi. Hilo nalo ni komeo, na halimvui mtu.

Mchangiaji wa kwanza:

Kwenye kitambaa nakubali nusu. Sasa nipe jibu la kazini, si la kwenye karatasi: zamu ya usiku, ofisa wa kike ni mmoja, wanawake kumi wamekataa skana, ndege inafunga mlango baada ya dakika ishirini. Nani abaki?

Mleta mada:

Asibaki mtu. Wamwajiri ofisa wa pili. Hela ya kununua mashine ilipatikana.

Mchangiaji wa tatu:

Na huyo wa pili afundishwe kuuliza kabla hajavaa glavu.